Mpinzani Kichwani mwa Mwanamichezo

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kijana wa miaka 20 kutoka Tanzania alichomoka mbele ya wenzake mara tu bastola ilipolia. Ilikuwa fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Siku hizo wakimbiaji wengi wa masafa hayo walizoea kuviziana, kila mmoja akisubiri mzunguko wa mwisho ndipo afyatuke. Filbert Bayi hakumvizia mtu. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, huku John Walker akimfukuzia mbele ya mashabiki wa kwao. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani, iliyodumu tangu 1967.

Hata aliyeshindwa, basi, aliipita rekodi.

Jambo hili wataalamu wa saikolojia wamelifuatilia kwa muda mrefu. Mwaka 1898 Mmarekani Norman Triplett aligundua kwamba waendesha baiskeli huenda kasi zaidi wakiwa na wenzao kuliko wanaposhindana na saa peke yao. Mwaka 2014 mtafiti Gavin Kilduff alichapisha uchambuzi wa matokeo ya wakimbiaji wa klabu: mkimbiaji ambaye hasimu wake yumo katika mbio alipunguza takriban sekunde 5 kwa kila kilomita. Hasimu huyo hakuwa mtu yeyote tu, bali aliyelingana naye na aliyekutana naye mara nyingi.

Lakini mpinzani yuleyule anaweza kumvunja mtu nguvu. Yote hutegemea hesabu inayopigwa kichwani kabla ya kipyenga. Mwanamichezo akipima uwezo wake na kuona kazi iliyo mbele yake anaimudu, moyo husukuma damu kwa wingi na mishipa hutanuka, damu ikafika kwenye misuli kwa wepesi. Akimwona mwenzake kama zimwi, moyo hudunda vilevile, ila mishipa haitanuki. Mwili huingia uwanjani ukiwa umejikaza, na macho humwangalia mtu badala ya kuangalia mchezo.

Chuki nayo ina gharama yake. Katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Berlin, tarehe 9 Julai 2006, Zinedine Zidane alijibu maneno ya Marco Materazzi kwa kumpiga kichwa kifuani. Alitolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 110, na Ufaransa ikaingia kwenye mikwaju ya penalti bila nahodha wake. Italia ilishinda 5-3. Kwa muda mfupi tu Zidane aliacha kucheza na Italia, akacheza na mtu mmoja.

Kiswahili kina hekima yake katika suala hili. Kushindana ni kitendo cha kutendana, hakifanyiki na mtu mmoja. Klabu za soka za Simba na Yanga nazo huitwa watani wa jadi, na katika mila za utani, mtani anayekutania leo ndiye atakayekuja kukusaidia siku ya msiba wako. Kocha anayewaambia vijana wake kwamba timu pinzani ni adui anawanyima kipimo chao bora. Afadhali awafundishe kumsoma mpinzani kabla ya mechi: anapendelea mguu gani, anachoka lini, anaanza vipi. Filimbi ikishalia, akili irudi kwenye mpira, pumzi na hatua zao wenyewe.

Rekodi ya Bayi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48. Ilivunjwa Birmingham mwaka 2022 na Oliver Hoare wa Australia, aliyemaliza kwa 3:30.12. Mbele yake, hadi hatua za mwisho kabisa, alikuwa Mkenya Timothy Cheruiyot, aliyepitwa kwa sekunde 0.09 tu, naye pia akiwa chini ya rekodi ya Bayi.