Kipimo cha Usomaji na Mtoto wa Kianda: Nafasi ya Mtaalamu wa Kiswahili katika Upimaji wa Elimu

Utangulizi

Mwanafunzi anayehitimu shahada ya Kiswahili nchini Kenya aghalabu huona njia tatu mbele yake: kufundisha, kutangaza habari na kutafsiri. Njia ya nne haitajwi sana katika kumbi za mihadhara. Nayo ni kazi ya kupima usomaji wa watoto shuleni na kubuni afua, yaani hatua za makusudi za kumsaidia mtoto aliyebaki nyuma. Kazi hii hudhaniwa kuwa ya wataalamu wa takwimu na saikolojia peke yao. Makala haya yanafafanua kwamba kipimo cha usomaji ni zao la lugha kabla ya kuwa zao la hesabu, na kwamba kisipopitiwa na mjuzi wa lugha kinaweza kumhukumu mtoto kwa kosa lisilo lake. Mfano unaotumiwa ni mtaa wa Kianda.

Kianda na Shule Zake

Kianda ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, upande wa magharibi, jirani na Soweto, Gatwekera na Olympic. Kama ilivyo Kawangware, jamii nyingi huishi hapa bega kwa bega. Nyumbani mtoto huweza kusikia Kijaluo, Kiluhya, Kikamba au Kikisii. Kinubi nacho, lugha iliyochipuka kutokana na Kiarabu, ndicho kilicholipa eneo zima jina lake, kwa maana ya msitu. Vichochoroni watoto hawa hukutana katika Kiswahili cha Nairobi na Sheng. Darasani hukutana na Kiswahili sanifu na Kiingereza.

Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa Januari 2003, Shule ya Msingi ya Olympic, iliyo karibu na Kianda, ilifurika wanafunzi. Hata hivyo, shule za umma hazikutosha. Watoto wengi wa Kibera na Kawangware wameendelea kusoma katika shule za watu binafsi, makanisa na vikundi vya jamii, ambazo sera ya elimu huzitambua kwa kifupi cha APBET. Katika mazingira ya namna hii, swali la iwapo mtoto anajua kusoma haliwezi kujibiwa kwa kutazama tu darasa alilomo.

Kupima Si Kutahini

Mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ulikuwa na jukumu kubwa la kuchuja: nani aende shule gani ya sekondari. Matokeo yalifika mtoto akiwa ameshamaliza Darasa la Nane, wakati ambapo kasoro ya usomaji iliyoanza Darasa la Pili ilikuwa imekomaa. Upimaji wa kuongoza ufundishaji una lengo tofauti. Huuliza mtoto amekwama wapi, ili mwalimu ajue aanzie wapi.

Nchini Kenya, upimaji wa mtoto mmoja mmoja kwa njia ya mdomo ulijaribiwa Malindi mwaka 2007, kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwaka 2009 mpango wa Uwezo ulianza kutuma watu wa kujitolea majumbani kupima watoto wa umri wa miaka 6 hadi 16 kwa kipimo cha kiwango cha Darasa la Pili. Ripoti zake zilionyesha tena na tena kwamba wanafunzi wengi wa Darasa la Tatu hawakuweza kusoma hadithi ya darasa lililo chini yao. Baadaye, mpango wa Tusome, ulioanza 2015 baada ya majaribio yaliyohusisha pia shule za gharama nafuu za Nairobi, ulieneza vitabu, mafunzo ya walimu na upimaji wa usomaji kote nchini.

Lugha Ndani ya Kipimo

Hapa ndipo mtaalamu wa Kiswahili anapohitajika. Kwanza ni suala la kasi. Viwango vilivyotumika nchini kumtambua msomaji fasaha katika madarasa ya mwanzo vilikuwa maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na maneno 65 kwa Kiingereza. Asiyejua isimu angedhani kwamba Kiswahili kimelegezewa kamba. Ukweli ni kwamba Kiswahili ni lugha ambishi. Neno “hatutawasomea” lina mofimu saba: ha-tu-ta-wa-som-e-a. Maana hiyo hiyo kwa Kiingereza huhitaji takriban maneno sita mafupi. Kwa hiyo, kumlinganisha mtoto katika lugha hizi mbili kwa idadi ya maneno pekee ni sawa na kupima maziwa kwa rula.

Pili ni suala la tahajia. Maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu, na silabi zake nyingi ni wazi. Ndiyo maana kipimo cha Kiswahili cha Uwezo kilianza na silabi, ilhali kile cha Kiingereza kilianza na herufi. Lakini wepesi huu una mtego wake. Mtoto aliyezishika silabi anaweza kusoma aya nzima kwa sauti pasipo kuielewa. Kasi isipoambatana na maswali ya ufahamu, humsifu kasuku.

Tatu ni suala la msamiati. Vipimo vya aina hii huwa na maneno ya kubuni yasiyo na maana, ili kubaini iwapo mtoto anasoma herufi au anakumbuka umbo la neno. Mtunzi asiyeijua Kianda angeweza kuandika “nyako”, neno linalofuata kabisa mpangilio wa sauti za Kiswahili. Kwa mtoto wa Kijaluo hilo si neno la kubuni, ni msichana. Vivyo hivyo, kifungu kinachohusu mavuno na ghala kinaweza kumkwamisha mtoto ambaye angekielewa vyema kifungu kuhusu mtungi wa maji, kibanda cha mboga au treni ipitayo katikati ya Kibera. Hali kadhalika, mtoto akiulizwa nani alikwenda sokoni, naye akajibu “mathe”, je, amekosa? Ikiwa kinachopimwa ni ufahamu, amepata. Ikiwa ni matumizi ya Kiswahili sanifu, hilo ni swali jingine, nalo lipimwe mahali pake.

Kutoka Kipimo Hadi Afua

Kipimo kisichofuatwa na hatua humwongezea mtoto fedheha tu. Tuchukue wanafunzi wawili wa Gredi ya 4 waliopata alama sawa. Wa kwanza anasoma “ba” na “ta” bila tatizo, lakini hukwama kwenye “mbwa”, “ng’o” na “nya”. Huyu anahitaji mazoezi ya silabi changamano. Wa pili anasoma aya kwa ufasaha, lakini hajui ilisema nini. Yeye anahitaji msamiati, masimulizi na mazungumzo kuhusu anachosoma. Kuwapa wote wawili zoezi moja la ziada ni kuwapotezea wakati.

Mbinu ya kuwapanga watoto kwa kiwango cha usomaji badala ya darasa, iliyokuzwa na shirika la Pratham nchini India, imejengwa juu ya wazo hili. Nchini Kenya, shirika la Zizi Afrique limeitumia katika kaunti kama Tana River, Turkana na Bungoma. Katika darasa lenye wanafunzi wengi na mwalimu mmoja, huenda hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na uwezekano.

Nafasi za Kazi

Mhitimu wa Kiswahili anaweza kuingia katika uwanja huu kwa milango kadhaa. Baraza la Mitihani la Kenya huhitaji watunzi wa maswali, wasahihishaji na maafisa wa somo. Tume ya Huduma kwa Walimu huajiri maafisa wa kusaidia utekelezaji wa mtaala, ambao huwatembelea walimu darasani na kuwashauri. Vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa 1984, huhitaji watu wanaoweza kutofautisha ulemavu wa kujifunza na ugeni wa lugha. Mashirika ya kiraia nayo huhitaji wabunifu wa vipimo. Atakayependa kuzama zaidi anaweza kusomea upimaji na tathmini ya elimu katika ngazi ya uzamili.

Ni haki pia kutahadharisha. Kazi za miradi hutegemea wafadhili. USAID, iliyofadhili Tusome, ilifungwa mwaka 2025. Mlango wa kudumu zaidi ni wa mwalimu mwenyewe, anayejua kupima na kutenda palepale darasani.

Hitimisho

Imebainishwa kwamba kipimo cha usomaji hubeba ndani yake fonolojia, mofolojia na isimujamii, taaluma ambazo mwanafunzi wa Kiswahili huzisoma kwa miaka minne na mara nyingi huziacha kwenye karatasi za mtihani. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Kianda ufa huo ni mtoto wa Gredi ya 4 anayesubiri mtu wa kubaini kwamba tatizo lake ni “mbwa” na “nya”, wala si akili yake.