Uhasama dhidi ya Waendesha Baiskeli Thika na Ruiru: Chanzo na Suluhisho

Malalamiko dhidi ya waendesha baiskeli ni jambo la kawaida Thika na Ruiru. Waendao kwa miguu hudai kwamba baiskeli huwapita ghafla kutoka nyuma pasipo kengele. Madereva wa matatu hudai kwamba huwazibia njia. Nao wenye baiskeli husema kwamba hufukuzwa kila waendako. Makala haya yanaeleza chanzo cha uhasama huo.

Kwanza ni hali ya barabara. Barabara Kuu ya Thika, yenye urefu wa takribani kilomita 50, ilianza kupanuliwa mwaka 2009 na kufunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012. Kandokando ya baadhi ya sehemu zake zilitengwa njia za miguu na za baiskeli. Hata hivyo, njia hizo hukatika, au huzibwa na vibanda vya wachuuzi na pikipiki zinazongojea abiria. Mwenye baiskeli hubaki na mawili: kuingia penye malori na mabasi yaendayo kasi, au kupanda njia ya miguu. Akichagua la pili, yeye aliyekimbia hatari humtia hofu mama aliyebeba mtoto.

Pili ni lugha. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, likiwataja waliobeba abiria kwa baiskeli. Pikipiki zilipoenea, zilirithi kazi na jina. Leo vyombo hivi viwili hulaumiwa kwa pamoja, ilhali uzito, kasi na madhara yake havilingani. Isitoshe, marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yalifanya kuendesha chombo cha injini katika njia ya miguu kuwa kosa.

Hoja hizi haziwaondolei waendesha baiskeli wajibu. Anayeendesha usiku bila taa, au akielekeana na magari, huhatarisha maisha yake na ya wenzake. Lakini wanaogombana hapa ni wanyonge wawili, huku aliyeziba njia yao akiachwa.

Wahenga walisema: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Mwenye baiskeli na apige kengele mapema, ashuke penye msongamano. Serikali ya Kaunti ya Kiambu na mamlaka za barabara nazo zifungue njia zilizozibwa. Lawama peke yake haijamvusha mtu barabara.