Ukirekodi skrini, picha ifuate kishale

Umerekodi skrini ya kompyuta kuwaonyesha wenzako jinsi ya kuomba kozi kwenye tovuti ya KUCCPS. Poa. Lakini kumbuka anayekutazama yuko Kapsokwony, ameshika simu, na bando lake ni la kuhesabu. Skrini nzima ikibanwa kwenye inchi 6, kishale kinakuwa kama sisimizi na maandishi hayasomeki. Akipitwa na hatua moja, anaishia saiba kulipia kitu ambacho angejifanyia mwenyewe.

Dawa ni kuvuta picha karibu pale unapobofya, kisha isogee polepole kufuata kishale. Screen Studio hufanya hivyo yenyewe, ila ni ya Mac na inalipiwa. Huna? Kdenlive ni ya bure: weka alama pale mwendo unapoanza na unapokoma, programu itajaza katikati. Rekodi kwa 1080, toa video kwa 720. Hapo unaweza kukuza mara 1.5 bila ukungu.

Ila usifuate kila mtikisiko, utampa mtu kizunguzungu. Tulia unapoandika, sogea unapohama. Na ficha nambari yako ya kitambulisho: ukishakuza, hata hiyo inasomeka.