Buibui bibi harusi: Mshibishe kwanza!

WAHENGA walisema adui yako mwombee njaa. Lakini msomaji mpenzi, ukitaka kuwa mshenga wa buibui, usimwombee bibi harusi njaa hata kidogo. Akiwa nayo, atamla bwana harusi ukitazama!

Usicheke. Fika Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, Garissa, iliyofunguliwa mwaka 1992 watu walipokuwa wakikimbia vita Somalia. Mvua inyeshapo, wadudu huongezeka vichakani, na buibui wafumao tando za mviringo hutega baina ya matawi ya miiba.

Wasomali humwita buibui caaro. Waislamu wengi humheshimu kwa simulizi ya utando ulioziba mlango wa pango la Thaur wakati wa Hijra ya Mtume (S.A.W.). Kwa mwanafunzi asiye na maabara, kichaka hicho ni maabara tosha.

Je, utamjuaje dume? Kwa buibui wa uzi wa dhahabu, jike hufikia sentimita 3 au zaidi, ilhali dume ni milimita chache tu. Tazama pia vile viungo viwili vifupi karibu na mdomo. Kwa dume aliyekomaa, ncha zake huwa zimevimba kama glavu za bondia. Humo ndimo anamobeba mbegu zake.

Sasa tuandae harusi. Usiwatie wote wawili katika chupa moja. Huko ni kumhukumu dume kifo. Jike mpe fremu pana ya mbao iliyofunikwa kwa chandarua, na umwache afume utando wake kwanza. Nyunyiza maji kidogo, kisha mlishe nzi na panzi siku kadhaa.

Siku ya siku ikifika, mtupie jike panzi mnono. Anapoendelea kula, mweke dume ukingoni mwa utando, mbali naye. Tumia kijiti, si vidole.

Kisha tulia utazame. Dume huzitikisa nyuzi taratibu, kana kwamba anabisha hodi. Jike hana macho makali. Hutambua kwa mtikisiko kama mgeni ni mchumba au kitoweo. Ndiyo maana madume wengi porini husubiri jike apate windo ndipo wamkaribie. Mdomo ukiwa na kazi, hatari hupungua.

Hata akinusurika, dume hulipa. Katika baadhi ya aina, ncha ya kile kiungo chake hukatika na kubaki ndani ya jike, ikiwazibia njia madume wengine.

Shughuli ikiisha, mwondoe dume upesi. Baadaye jike atafuma kifuko chenye mamia ya mayai. Ukishaona hayo, warudishe kichakani walikotoka.

Hata mabingwa walifanya hivyo. Nchini Madagascar, nyuzi za majike zaidi ya milioni 1 zilitengeneza kitambaa cha rangi ya dhahabu kilichoonyeshwa New York mwaka 2009. Majike hao walirudishwa porini, kwani wakifungiwa pamoja hulana.

Basi msomaji, utakapoinua ufagio kesho kumpiga buibui, ngoja kidogo. Tazama ukingoni mwa utando. Huenda yupo bwana harusi mdogo, roho mkononi, akisubiri bibi ashibe.