Kuhamia Toleo Jipya la Programu ya Kuchorea: Jambo la Kupima kwa Rula

Programu ya kompyuta haidumu katika hali moja. Kila baada ya muda watengenezaji wake huirekebisha, huiongezea uwezo, kisha huitoa tena kwa namba mpya. Kila namba huitwa toleo. Hapo mtumiaji hukabiliwa na swali: je, ahamie toleo jipya, au abaki na lile alilolizoea? Aghalabu swali hilo hujibiwa kwa mazoea, au kwa tamaa ya kitu kipya. Lakini kwa programu za kuchorea, ambazo kazi zake huweza kupimwa kwa rula, swali hilo laweza kujibiwa kwa jaribio.

Mfano mzuri hupatikana katika historia ya Inkscape, programu ya kuchorea iliyoanzishwa mwaka 2003 na inayotolewa bure. Hutumika kutayarisha nembo, ramani, vielelezo vya vitabu na michoro ya kufundishia. Mnamo Januari 2017 lilitolewa toleo 0.92, likachukua nafasi ya toleo 0.91 la mwaka 2015. Toleo hilo lilikuwa na nyongeza nyingi zilizowavutia watumiaji. Lakini ndani yake mlikuwa na badiliko moja ambalo halikuonekana kwa macho, nalo lilihusu kizio cha urefu.

Namba na kizio chake

Picha iliyopigwa kwa kamera huhifadhiwa katika kompyuta kama mkusanyiko wa nukta za rangi. Mchoro wa Inkscape hauhifadhiwi hivyo. Huhifadhiwa kwa maandishi na namba: mstari huu waanzia hapa, waishia pale, na unene wake ni kiasi fulani. Utaratibu huo wa kuandika michoro huitwa SVG, nao ulipitishwa kuwa kanuni mwaka 2001.

Namba tupu haina urefu. Mtu akisema ubao una urefu wa 5, msikilizaji hawezi kujua kama ni mita au ni futi. Katika michoro ya aina hii, namba isiyotajiwa kizio huhesabiwa kwa pikseli. Hadi toleo 0.91, Inkscape ilihesabu pikseli 90 katika inchi moja. Kwa upande mwingine, kanuni za kurasa za intaneti zilikwisha kuweka pikseli 96 katika inchi moja. Toleo 0.92 likaacha 90 na kufuata 96.

Matokeo yake yaweza kukokotolewa na mwanafunzi yeyote. Mstari uliochorwa zamani kwa urefu wa milimita 160 una pikseli 567 hivi. Pikseli zile zile zikisomwa kwa kizio kipya, urefu wa mstari huwa:

160 × 90 ÷ 96 = milimita 150

Mstari umepungua kwa milimita 10, yaani asilimia 6.25. Eneo la umbo lolote hupungua zaidi, karibu asilimia 12, kwa kuwa upungufu huingia katika urefu na katika upana. Pembe hazibadiliki, wala uwiano wa sehemu za mchoro haubadiliki. Ndiyo sababu kosa hili ni gumu kutambulika: katika kioo cha kompyuta mchoro huonekana sawa na ulivyokuwa.

Madhara darasani

Tuseme mwalimu wa fizikia alichora zamani swali la mtihani kuhusu kani. Skeli ni sentimita 1 kwa nyutoni 10, na mshale mmoja una urefu wa sentimita 8. Mwongozo wake wa kusahihishia unasema jibu ni nyutoni 80. Mchoro ukichapishwa baada ya kusomwa kwa kizio kipya bila marekebisho, mshale huwa na sentimita 7.5. Mwanafunzi hodari hupima vizuri, huandika nyutoni 75, na kunyimwa alama. Hakuna aliyefanya uzembe katika kupima, lakini haki haikutendeka.

Watengenezaji waliliona tatizo hili. Toleo jipya linapofungua faili la zamani lenye shaka, hutokeza dirisha dogo na kuuliza kama mchoro ni wa kutazamwa katika kioo au ni wa kuchapishwa kwa vipimo halisi. Mtumiaji akichagua vipimo halisi, mchoro hukuzwa hadi urefu wake wa awali. Lakini asiyejua maana ya swali hilo huweza kubonyeza jibu lolote ili aendelee na kazi.

Je, kubaki na toleo la zamani ni salama?

Yaweza kudhaniwa kwamba dawa ni kutohama. Sivyo. Badiliko lile lilikuwa sahihisho. Mchoro wa zamani uliohifadhiwa kwa pikseli hupungua vile vile ukifunguliwa katika programu nyingine inayofuata 96. Abakiye na toleo la zamani hupatana na nafsi yake tu, na hutofautiana na wale anaowapelekea kazi. Tena hukosa marekebisho ya kasoro yanayofanywa katika matoleo mapya.

Kwa upande mwingine, kuhama kuna gharama hata programu ikiwa ni ya bure. Toleo 1.0, lililotolewa Mei 2020, lilibadilisha utaratibu wa viongezo, yaani programu ndogo zilizoandikwa na watu wengine ili kuisaidia ile kubwa. Viongezo vingi vya zamani havikufanya kazi mpaka viliporekebishwa. Toleo hilo pia liliweka chanzo cha vipimo katika pembe ya juu ya ukurasa, ambapo awali kilikuwa chini. Mazoea ya miaka mingi hayana budi kujifunzwa upya, na muda wa kujifunza ni gharama.

Jaribio la kuamua

Yafaa uamuzi ufanywe kwa hatua hizi:

1. Nakala za kazi zote za zamani zihifadhiwe mahali pengine kabla ya jambo lolote.

2. Katika toleo la zamani uchorwe mstari wa milimita 160 na mraba wa milimita 100, kisha faili lihifadhiwe.

3. Faili hilo lichapishwe kutoka toleo la zamani, kisha kutoka toleo jipya, kwa printa ile ile na kwa mpango ule ule, bila kuruhusu printa kupunguza mchoro ili utoshe katika karatasi. Karatasi ya kwanza ndiyo ya kulinganishia. Bila hiyo haiwezi kujulikana kama kosa limetoka katika programu au katika printa.

4. Karatasi zote mbili zipimwe kwa rula. Kisha jaribio lirudiwe kwa kazi halisi tano au sita, zikiwamo zile zinazotegemea viongezo.

5. Kazi iliyotengenezwa katika toleo jipya ifunguliwe katika toleo la zamani, ili ijulikane kama wenzi ambao hawajahama wataweza kuisoma. Mathalani, rangi zilizochanganywa kwa wavu, ambazo zilianza katika toleo 0.92, hazionekani sawasawa katika toleo 0.91.

Vipimo vikipatana, na viongezo vinavyohitajika vikifanya kazi, hakuna sababu ya kukawia. Visipopatana, na chanzo cha tofauti kikajulikana, yafaa kuhama baada ya kazi iliyo mkononi kukamilika, wala si katikati ya kutayarisha mtihani. Walimu wa idara moja wanaobadilishana michoro wahame pamoja. Na faili lolote lililohifadhiwa kabla ya mwaka 2017 lipimwe upya kwa rula kabla halijawekwa mbele ya wanafunzi.