Njia ya Sasa au Njia Inayofuatwa?

Miongoni mwa dhana za kompyuta zinazowasumbua wafasiri ni ile ya njia ambayo programu ya wavuti huifuata inapojibu ombi la mtumiaji. Wengi huiita "njia ya sasa". Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kasoro ya tafsiri hiyo na kupendekeza nyingine.

Kwanza hatuna budi kuielewa dhana yenyewe. Mwandishi wa programu hutumia kiunzi, yaani msingi uliokwisha kutengenezwa, kama vile Django au Laravel. Humo huorodhesha njia, na kila njia aweza kuipa jina. Njia moja hupokea anwani nyingi: njia iitwayo "rekebisha matokeo" hupokea anwani matokeo/12/rekebisha na matokeo/13/rekebisha, kwani namba ya mwanafunzi ni nafasi inayojazwa tu. Aidha, anwani moja yaweza kulingana na njia mbili. Anwani wanafunzi/wapya hulingana na njia ya orodha ya wapya, na pia na njia ya mwanafunzi mmoja mmoja, ikiwa nafasi ya jina lake hukubali neno lolote. Hapo Django huchukua njia iliyotangulia katika orodha. Kwa hiyo kuitazama anwani hakutoshi. Sharti kiunzi chenyewe kiulizwe kimechagua njia ipi.

Historia ya Itetemia, makao ya Watemi wa Unyanyembe karibu na Tabora, yatupa mfano ulio wazi. Katika nchi hiyo misafara kutoka pwani iligawanyika: mingine ilielekea Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Mwaka 1871 Stanley alikuwa akienda Ujiji, lakini vita baina ya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeifunga njia iliyozoeleka, naye akazunguka kusini. Aliyejua mwisho wa safari hiyo peke yake hakuweza kuijua njia. Ilimpasa amwulize kirangozi, yaani mwongoza msafara.

Mfano huo pia wafichua kasoro tuliyoitaja. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Ukitaja "njia ya sasa" mahali hapo, msikilizaji atafahamu reli au barabara ya lami, kinyume cha njia ya zamani ya misafara. Maneno "ya sasa" hupambanua nyakati, wala hayaonyeshi uteuzi. Katika programu njia zote ni za sasa. Inayotafutwa ni ile moja iliyoteuliwa kwa ombi lililopo.

Kwa sababu hizo tunapendekeza:

(a) anwani: maandishi anayoyapeleka mtumiaji;
(b) njia: kanuni iliyoorodheshwa ya kupokea anwani;
(c) njia inayofuatwa: njia ambayo kiunzi kimeiteua kwa ombi fulani.

Tofauti hizi si za maneno matupu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba njia na anwani ni kitu kimoja aweza kuandika programu ya shule inayozuia anwani matokeo/12/rekebisha peke yake, na matokeo ya mwanafunzi wa 13 yakabaki wazi kwa yeyote kuyabadili. Zuio likifungamanishwa na jina la njia inayofuatwa, anwani zote zinazopitia humo huzuiwa pamoja.

Wafasiri na walimu wanaombwa wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na watoe maoni yao.