Kiriba cha Cairo na Haki ya Mwenye Kiu

Kiswahili kina maneno mawili yanayotupeleka moja kwa moja kwenye mitaa ya Cairo ya kale. La kwanza ni kiriba, mfuko wa ngozi ya mbuzi wa kuchukulia maji. La pili ni kusabilia, yaani kutoa kitu bure kwa ajili ya Mungu. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, na katika mji ule unaopata mvua ya milimita 25 hivi kwa mwaka, yote mawili yalihusu uhai wa watu. Aliyebeba kiriba mgongoni aliitwa saqqa. Leo akitajwa hutajwa kama sura ya zamani, mtu wa kuchorwa na kutazamwa. Kumkumbuka hivyo ni kumpunja, kwa maana saqqa hakuwa mchuuzi wa kujitafutia riziki tu. Alikuwa kiungo katika utaratibu wa mji mzima wa kugawa maji, na utaratibu huo una la kutufunza hata sasa.

Mji wa Cairo ulioanzishwa mwaka 969 haukujengwa ukingoni mwa mto Nile, na kadiri karne zilivyopita mto ulizidi kusogea magharibi. Visima vya mjini vilitoa maji ya chumvichumvi, ya kuoshea kuliko ya kunywa. Kwa hiyo maji matamu yalipaswa kubebwa kutoka mtoni kila siku ya Mungu. Msafiri wa Kiajemi Nasir Khusraw, aliyefika huko mwaka 1047, aliambiwa kwamba ngamia wa kubeba maji walikuwa wapatao 50,000, mbali na watu waliobeba kwa migongo yao hadi kwenye vichochoro ambamo ngamia hapenyi. Hesabu hiyo huenda ilitiwa chumvi, lakini inaonyesha ukubwa wa kazi yenyewe. Karne nane baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1836, Mwingereza Edward Lane aliwaeleza watu hao hao: mmoja na punda wake, mwingine na kiriba chenye mdomo mrefu wa shaba, akimmiminia mpita njia maji katika kikombe cha shaba. Moto ulipozuka, hao ndio walioitwa kuuzima.

Kazi kubwa namna hiyo haikuachwa ijiendee. Mkaguzi wa masoko, aliyeitwa muhtasibu, alikuwa na kanuni za kuwasimamia. Ibn al-Ukhuwwa, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1329, aliandika kwamba saqqa aingie mtoni hadi mbali na ukingo ndipo ateke, wala asiteke karibu na vyoo, hamamu au mahali pa kunyweshea wanyama. Na kwa asiye na kitu palikuwa na sabil, jengo la kugawa maji bure lililoendeshwa kwa mapato ya wakfu. Ile iliyojengwa na Abd al-Rahman Katkhuda mwaka 1744 ingali imesimama katika mtaa wa al-Mu'izz: chini maji, juu chuo cha watoto cha Kurani. Birika lake pia lilihitaji kujazwa na saqqa. Mgongo wake, jicho la mkaguzi na mali ya wakfu vilitegemeana kama mafiga matatu.

Yupo atakayesema kwamba kusifu viriba ni kusifu maradhi, na kwamba bomba ndilo lililowakomboa watu. Hoja hiyo ina uzito. Kikombe kimoja kilipita midomo mingi, na maji ya mto yasiyochemshwa yalibeba vijidudu ambavyo hakuna kanuni ya wakati ule ingeviona. Tena kazi yenyewe ilipinda migongo kwa ujira mdogo. Mwaka 1865, Ismail, mtawala wa Misri, alipompa Mfaransa Cordier kibali cha kusambaza maji kwa mabomba, mji ulianza safari iliyostahili kuanzwa. Lakini bomba lilichukua nafasi ya figa moja tu, yaani mgongo. Halijikagui lenyewe, wala halimfikii asiye na uwezo wa kulilipia. Wengine watadai kwamba sabil ilikuwa huruma ya matajiri, na huruma si haki. Kwa kiasi ni kweli, ila wakfu ukishawekwa ulifungwa na sheria. Mwenye kiu hakuhitaji kumbembeleza aliyeutoa, ambaye pengine alikuwa kaburini kwa miaka mia.

Ndiyo maana habari ya saqqa si ya Misri peke yake. Dar es Salaam na Mombasa, mabomba yanapokauka, wasukuma mikokoteni iliyosheheni madumu ya lita 20 huingia mitaani, na familia maskini hununua maji kwa bei kubwa kuliko ile ya mwenye bomba ndani. Ni rahisi kuwalaumu wauzaji hao, au kuwasahau bomba linaporudi. Lililo jema zaidi ni kuuliza yale ambayo Cairo iliuliza: maji haya yametekwa wapi, nani ameyakagua, na nani amemlipia yule asiye na senti? Dumu linaloteremshwa mlangoni linapaswa kuwa na majibu hayo matatu kabla halijafunguliwa.